Friji moja, waya mmoja: Njia salama ya kutumia umeme wa akiba nyumbani

MVUA kubwa ikishuka jioni upande wa Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kinachoweza kufuata baada ya ngurumo. Taa hupepesa mara moja, mara mbili, kisha huzimika. Redio inanyamaza. Friji iliyokuwa inanguruma kwenye kona ya duka au sebuleni inatulia, na mama mwenye nyumba anaanza kupiga hesabu kimoyomoyo: maziwa ya jioni lita ngapi, nyama kilo ngapi, samaki walioletwa kutoka Musoma wamebaki wangapi, barafu za kuwauzia watoto wa shule kesho zitakuwaje, na ile dawa ya sindano ya babu ipo rafu gani.

Kwa mambo mengine, familia za vijijini zimeshajifunza kuishi bila umeme. Giza linaondolewa na tochi ya sola. Simu inachajiwa kwa jirani mwenye paneli. Chakula kinapikwa kwa kuni au mkaa kama siku zote. Friji ndiyo haina mbadala wa haraka. Kwa nyumba nyingi ndicho kifaa cha umeme kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kuliko vyote, na kwa baadhi ndicho kinacholipa ada na madaftari.

Ndiyo maana mzazi anapopata fedha kidogo, jambo la kwanza analofikiria ni jenereta ndogo, au betri na inveta, ili umeme ukikatika friji iendelee. Ni wazo zuri. Hatari ipo kwenye namna ya kuviunganisha, na wakati mwingine anayelipia kosa hilo si yule aliyelifanya.

Umeme umefika, ila kukatika kupo

Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), nguzo za umeme zimefika karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na gharama ya kuunganishiwa kijijini imekuwa Sh27,000. Upande wa uzalishaji nao umeimarika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, ulianza kuzalisha Februari 2024, na mradi mzima una uwezo wa megawati 2,115.

Hata hivyo, umeme kuwa mwingi kwenye gridi ni jambo moja, na umeme kufika kwenye soketi ya nyumba ni jambo jingine. Kijiji kilicho pembezoni, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hulishwa na waya unaosafiri mbali juu ya nguzo nyingi. Tawi likiangukia waya, nguzo ikilala kwa sababu ya maji, au radi ikipiga, nyumba zote zilizo mbele ya hapo zinabaki gizani. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Kwa hiyo familia inayopanga umeme wa akiba kwa ajili ya friji inapanga jambo la kawaida, sawa na kuweka gunia la mahindi ya akiba.

Waya wenye plagi pande zote mbili

Njia ya mkato inayotumika katika nyumba nyingi ni hii: fundi wa mtaani anachukua waya, anafunga plagi upande mmoja na plagi nyingine upande wa pili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, wa pili unachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme unaingia ndani ya nyumba kinyumenyume, na soketi zote zinakuwa hai. Baadhi ya watu huuita waya wa kiume kwa kiume.

Unaonekana ni ujanja. Kwa kweli ni mtego wenye vinywa vitatu.

Kinywa cha kwanza ni meno ya plagi yenyewe. Jenereta ikiwa inawaka na plagi ya upande wa pili ikichomoka ukutani, yale meno ya shaba yaliyo wazi yana volti 230. Mtoto anayetambaa, au wa miaka mitatu anayeokota kila anachokiona, hahitaji zaidi ya kugusa.

Kinywa cha pili kipo barabarani. Nyaya za nyumba zimeunganishwa na mita, mita na nguzo, na nguzo na transfoma. Kazi ya transfoma ya kijijini ni kupokea umeme mkubwa wa volti 11,000 au 33,000 na kuupunguza hadi ule wa kutumia nyumbani. Ukiingiziwa umeme kutoka upande wa nyumba, transfoma hiyo hiyo hufanya kazi kinyume: inachukua volti 230 za jenereta na kuzipandisha kuwa maelfu. Fundi wa Tanesco aliyepanda nguzo kilomita kadhaa kutoka hapo, akijua laini imezimwa, anakutana na umeme uliotoka kwenye jenereta ya mtu anayelinda maziwa yake. Au ni mtoto wa jirani anayetoka shuleni na kukuta waya umelala njiani baada ya dhoruba, na kila mtu anaamini waya huo hauna umeme kwa sababu kijiji kizima ni giza.

Kinywa cha tatu kinamgeukia mwenye mali. Umeme wa Tanesco ukirudi ghafla wakati jenereta bado inasukuma wa kwake, pande mbili zinagongana. Jenereta inaweza kuungua, nyaya kushika moto, na friji iliyokuwa inalindwa ikawa ya kwanza kufa.

Wapo wanaojitetea kwamba huzima meni swichi kwanza. Wengine huzima kweli. Lakini kazi hiyo hufanyika gizani, mvua inanyesha, mtoto analia, na siku nyingine anayewasha jenereta si baba bali ni kijana wa miaka kumi na minne aliyeona baba anavyofanya. Usalama unaotegemea mtu kutosahau kamwe, siku moja utasahaulika.

Kanuni ni moja

Ukitaka kuendesha kifaa kimoja, kifaa hicho kifuate umeme. Usiulete umeme kwenye ukuta.

Maana yake ni kwamba plagi ya friji inachomolewa kwenye soketi ya ukutani na kuchomekwa moja kwa moja kwenye jenereta au inveta, kwa kutumia ekstensheni nzuri. Basi. Friji wakati huo haina uhusiano wowote na nyaya za nyumba, mita ya LUKU wala nguzo ya nje. Hakuna swichi ya kukumbuka, na hakuna umeme unaoweza kutoka kwenda barabarani. Umeme wa Tanesco ukirudi, taa za nyumba zinawaka zenyewe, friji inaendelea na jenereta yake, kisha mtu anaihamisha kwa utulivu.

Hii ndiyo faida kubwa ya kutaka kifaa kimoja tu. Nyumba nzima inahitaji fundi, swichi na fedha. Friji moja inahitaji waya mmoja.

Usikimbilie kuwasha

Kabla ya kuwasha chochote, inafaa kujua kwamba friji ni kama chupa ya chai: ikifungwa vizuri, inatunza kilichomo. Friji iliyofungwa hukaa na ubaridi wa kutosha kwa saa nne hivi bila umeme. Friza iliyojaa hukaa hadi saa 48, na iliyojaa nusu hukaa saa 24 hivi, mradi mlango usifunguliwe kila mara.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa friji usiku wa giza ni mkono wa mtu anayefungua kuangalia kama vitu bado vina baridi. Familia nyingi zinaweza kuokoa petroli kwa amri moja tu: umeme ukikatika, friji haifunguliwi mpaka mama aseme.

Njia nyingine isiyo na gharama ni kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za plastiki zenye maji, zisijae hadi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Zikishaganda, chupa hizo ni akiba ya baridi. Umeme ukikatika, mbili tatu zinashushwa sehemu ya chini penye maziwa na dawa.

Mwenye jenereta naye hana haja ya kuiacha ikinguruma usiku kucha. Friji iliyofungwa vizuri inaweza kuwashwa kwa saa moja au mbili, ikapumzishwa saa tatu au nne, ikawashwa tena. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya friji kinamaliza ubishi: nyuzi joto 4 kushuka chini, chakula kiko salama. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya hapo kwa zaidi ya saa mbili, visitunzwe kwa matumaini. Harufu haitoshi kuwa kipimo, kwani vijidudu vinavyoharisha watoto havinuki siku zote.

Soma lebo kabla ya kununua

Nyuma au ndani ya kila friji kuna lebo. Inaonesha wati, au volti na ampea. Kama haina wati, zidisha: volti 230 mara ampea 0.6 ni wati 138. Hicho ndicho friji inachotumia ikiwa inatembea.

Tatizo ni pale inapoanza. Kompresa ikiamka huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, mara tano au zaidi ya kawaida yake. Friji ya wati 130 inaweza kudai wati 700 au 900 kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Ndiyo maana jenereta ndogo ya wati 650 inaweza kuwasha taa na televisheni vizuri, lakini friji ikiingia inakohoa na kuzima. Kwa friji moja ya kawaida, jenereta ya wati 1,000 hadi 2,000 ina nafasi ya kupumua. Friji mpya zenye kompresa ya inveta huanza polepole na hazisumbui sana.

Ekstensheni nayo isiwe ile nyembamba ya kuchajia simu. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa umbali mfupi, na wa 2.5 ni bora ukienda mbali. Usiwe na viraka vya selotepu. Kama umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjuliwe wote, kwa sababu waya uliokunjwa ukipitisha umeme hupata moto.

Gesi isiyo na harufu

Jenereta ikishapatikana, swali linalofuata ni ikae wapi. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, na kwa sababu inayoeleweka. Nje kuna mvua na kuna wezi. Jenereta imenunuliwa kwa mahindi ya msimu mzima au kwa kuuza ng'ombe. Baba anaona bora aiweke korido, jikoni, au stoo yenye dirisha, afunge mlango, alale kwa amani.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyelala hapati hata dalili za kumshtua. Watoto wachanga, wajawazito na wazee huathirika zaidi. Ni gesi ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa baridi, lakini jenereta huitoa kwa wingi zaidi.

Hata nchi tajiri zimejifunza kwa machungu. Kimbunga Laura kilipopiga jimbo la Louisiana, Marekani, Agosti 2020, maelfu ya nyumba zilibaki bila umeme na watu wakawasha jenereta. Gesi hiyo ndiyo iliyoongoza kwa kuua watu katika jimbo hilo baada ya kimbunga, kuliko hata miti iliyoanguka.

Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na milango na madirisha, ya nyumba yako na ya jirani. Kufungua dirisha hakutoshi. Kuweka feni hakutoshi. Baraza lililo chini ya paa la nyumba nalo si nje. Mahali ekstensheni inapopita dirishani, uwazi uliobaki uzibwe kwa kitambaa.

Kwa hofu ya wezi na mvua, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kizimba cha nondo au wavu chenye paa la bati na pande zote wazi, kikafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo iliyochimbiwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jenereta, na haiwezi kulinganishwa na mtoto.

Ikitokea watu wawili au zaidi ndani ya nyumba wanaumwa kichwa kwa pamoja wakati jenereta inawaka, wote watoke nje mara moja, hata kama kunanyesha. Kisha jenereta izimwe na waende kituo cha afya, wakaeleze kwamba jenereta ilikuwa inawaka.

Petroli si ya chupa ya soda

Petroli ya akiba ina hatari zake. Kuihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni kumwekea mtoto mtego. Ikae kwenye dumu lake, lenye kifuniko na alama, nje ya chumba cha kulala na mbali na jiko. Mtoto akinywa kwa bahati mbaya, asilazimishwe kutapika, kwani mafuta yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya haraka pamoja na chupa aliyonywea.

Jenereta isiongezwe mafuta ikiwa inawaka au bado ina joto. Izimwe, ipoe, ndipo imiminiwe. Anayeishika awe na mikono mikavu na viatu miguuni.

Betri na inveta: hesabu ya usiku mmoja

Familia isiyotaka kelele wala moshi inaweza kutumia betri na inveta. Betri hutoa umeme wa volti 12, inveta inaubadili kuwa volti 230, na plagi ya friji inaingia kwenye inveta. Kanuni haibadiliki: inveta ya namna hii isichomekwe kwenye soketi ya ukutani.

Hesabu yake si ngumu. Friji ndogo ya kawaida hutumia karibu uniti moja na kidogo kwa siku, tuseme 1.2. Hizo ni wati 50 kwa wastani wa kila saa, maana kompresa inawaka na kupumzika.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni betri ya risasi na asidi, inayofaa kutumika ni nusu yake, wati-saa 600, ili isife mapema. Inveta yenyewe hula kidogo, hivyo zinabaki kama 510. Gawanya kwa 50: ni saa 10. Umeme ukikatika saa mbili usiku, friji inafika alfajiri. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo, ambayo inaweza kutumika hadi asilimia 80, itaisukuma friji hiyo kwa saa 16 hivi.

Betri ya gari si chaguo zuri. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kukamuliwa usiku kucha. Itafanya kazi, lakini haitadumu.

Inveta iwe na uwezo wa kubeba ule mshtuko wa kompresa kuanza. Ya wati 1,000 inayovumilia 2,000 kwa muda mfupi inafaa kwa friji moja. Iwe ya mawimbi safi, yanayofanana na umeme wa gridi. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya mraba huipasha moto mota ya friji na kuifupishia maisha. Muuzaji aoneshe hilo kwenye boksi kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nyaya kutoka betri kwenda inveta ziwe nene na fupi. Kwa volti 12, friji inayodai wati 900 wakati wa kuanza inavuta ampea 75, na waya mwembamba utayeyuka. Fyuzi ikae karibu na betri. Betri iwe mahali penye hewa, mbali na jiko na kitanda cha mtoto, kwa kuwa betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Ya kuchajia inaweza kuwa chaja ya umeme wa kawaida wakati umeme upo, au paneli ya sola kupitia kidhibiti chaji. Nyumba inayotaka jua pekee libebe friji hiyo kila siku itahitaji paneli za wati 300 hadi 400 na jua la kutosha.

Kijana, mpira na soketi ya pili

Changamoto nyingine haimo kwenye vitabu vya mafundi. Jenereta ikishanguruma, kila mtu ana ombi. Kijana anataka kuona mpira. Dada anataka kunyoosha sare. Jirani analeta simu tano. Mtu anachomeka pasi, na kwa kuwa pasi peke yake inaweza kufika wati 1,000, friji inakosa nguvu ya kuanza. Kompresa inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na kila jaribio linaipasha moto.

Mzazi mwenye busara huweka msimamo mapema, mchana, umeme ukiwepo: umeme wa akiba ni wa friji. Taa moja na simu, sawa. Pasi, hita na birika la umeme, hapana. Na awaeleze watoto sababu, kwani mtoto aliyeelezwa hulinda kuliko aliyekatazwa.

Kama kuchomoa na kuchomeka ni usumbufu

Wapo ambao friji yao imebanwa ukutani, au hawataki kuhamisha plagi kila siku. Kwao ipo njia halali: soketi moja maalumu ya friji, yenye waya wake na swichi ya chenji ova. Swichi hii ina pande mbili, Tanesco na akiba, na katikati pa kuzima. Imeundwa ili upande mmoja ukishikana, wa pili uwe umeachana. Haiwezekani pande zote mbili kukutana, hata akiigeuza mtoto, hata akiigeuza mtu mwenye usingizi.

Kazi hii si ya kujaribu. Ifanywe na fundi mwenye leseni ya Ewura, na mzazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Afunge pia sakiti breka na kukagua waya wa ardhini.

Umeme ukirudi

Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo: unapanda, unashuka, unakatika tena. Friji nyingi huungulia hapo. Ndiyo maana inafaa kusubiri dakika kumi hivi umeme utulie, ndipo irudishwe ukutani. Baada ya kuichomoa, ipumzike angalau dakika tano kabla ya kuwaka tena, ili mgandamizo ndani ya kompresa ushuke. Kile kifaa kidogo kinachoitwa friji gadi hufanya kazi hiyo chenyewe na kinastahili kuwepo kwenye kila soketi ya friji.

Waya ukionekana umeanguka popote, hakuna wa kuusogelea wala kuusogeza kwa fimbo. Watoto waondolewe eneo hilo na Tanesco wapigiwe 180 bila malipo. Kukiwa na moto, namba ya Zimamoto ni 114.

Dawa na maziwa ya mtoto

Kwa baadhi ya familia, friji imebeba kitu kizito kuliko biashara. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi huvumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki nne hivi, lakini maelezo ya kwenye boksi na ya mfamasia ndiyo ya kufuata. Isigusane na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata kama ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba, usiozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji. Mama anayerudi kazini baada ya uzazi anaweza kuyapanga kwa kiasi kidogo kidogo, ili umeme ukikatika yasimwagike yote.

Na kama jenereta imegoma na betri imeisha, maarifa ya bibi bado yapo. Mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu, mahali penye upepo na kivuli. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alipewa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza mitungi ya namna hiyo. Haigandishi barafu, lakini inapunguza joto la kutosha kusogeza usiku.

Zoezi la mchana

Jambo bora kwa familia ni kufanya zoezi mchana, umeme ukiwepo. Jenereta itolewe, ekstensheni ikunjuliwe, friji ichomolewe ukutani na kuchomekwa inakotakiwa. Kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue hatua hizo, na kila mtoto ajue asichotakiwa kugusa. Kama kuna ule waya wenye plagi pande mbili umefichwa juu ya kabati, siku hiyo ndiyo ya kuukata katikati kwa koleo, watoto wakiona na wakijua ni kwa nini.

Mvua itakaporudi na taa zikapepesa, hakutakuwa na kukimbizana. Friji itapata umeme wake. Na fundi aliyepo juu ya nguzo usiku ule, naye ana watoto wanaomsubiri, ataikuta laini imelala kama alivyoambiwa.